Swichi Chini ya Kiti

Mke wa fundi alishikilia plagi kwenye kichwa cha injini, fundi akapiga kiki. Hakuna cheche.

"Si nilisema?" Fundi akamgeukia shemeji yake mbele ya majirani. "Jana nilikuazima pikipiki nzima. Umenibadilishia koili!"

 Shemeji alikung'utia mkoba wake vumbini: shati la kazi, kipande cha sabuni, chaja ya simu. Mifuko ya suruali nayo akaigeuza nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Tafuta, shemeji."

Fundi akainua kiti kuikagua koili. Koili ilikuwa ile ile yake. Pembeni, kidole kikagusa kidude cha baridi: swichi ya kukatia umeme wa plagi, aliyoifunga mwenyewe kuwakomesha wezi. Jana, pikipiki iliporudi, aliizima kwa mkono wake.

Masikio yakamwaka. Nyuma yake shemeji alikuwa akiokota sabuni, akiipuliza vumbi.

Akiibofya, swichi italia, na mkewe ataitambua sauti ile. Ndiye aliyemmulikia tochi akiifunga.

Akajifanya anakaza waya.

"Mume wangu," mkewe akasema polepole, plagi bado mkononi, "iwashe tu hiyo swichi. Kaka yangu anasubiri."