Kwa Burudani Tu

Ushahidi ulikuwa ukichemka jikoni, na Mama Cecilia alikuwa amekwisha kuongeza kuni mara tatu ili uive upesi.

Asubuhi ile ushahidi huo ulikuwa bado na manyoya. Baba Gift, jirani yao hapo Lulindi, aliuleta ukiwa umefungwa miguu, kumshukuru Cecilia kwa kurusha droni yake juu ya shamba lake na kumwonyesha mikorosho iliyoanza kuingiwa na ubwiriunga, ule ugonjwa unaokausha maua kabla hayajazaa. Cecilia alimpokea kuku kwa mikono miwili. Muda mfupi baadaye pikipiki ilisimama uani. Akashuka mwanamume mwenye shati lililonyooka kwa pasi na faili kwapani, akauliza kama hapo ndipo kwa msichana mwenye droni.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Wiki nzima redio ilikuwa ikitangaza kwamba maofisa wangepita vijijini. Anayerusha droni kwa burudani ajiandikishe tu. Anayerusha kwa malipo awe na kibali cha biashara, na malipo ni chochote apewacho kwa kazi hiyo. Asiye na kibali atanyang'anywa chombo. Cecilia alikuwa amejiandikisha kwa burudani. Droni ile aliinunua baada ya misimu miwili ya kuinama katika mashamba ya watu akiokota korosho, na mgongo wake haukuwa na hamu ya msimu wa tatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa shughuli ya hiyo droni. Mimi naitwa..."

"Karibu kiti," Mama Cecilia alimkatiza kwa upole. "Jina na safari utatueleza ukishanawa mikono. Hapa kwetu mgeni hahojiwi akiwa na njaa."

Desturi hiyo ilikuwa ya kweli, na angeifuata hata kama asingekuwa na kuku wa kumaliza. Akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, kisu mkononi.

Mgeni alisubiri kwa subira ya kutisha. Sufuria ilipoanza kutoa harufu, alifungua faili lake.

"Wakati tunasubiri, niulize kidogo tu. Mtu akikuita shambani kwake, unamtoza kiasi gani?"

"Simtozi, baba. Narusha kwa burudani tu."

"Hata mafuta ya pikipiki ya kukufikisha?"

"Huwa natembea."

Mgeni aliandika, kisha akatabasamu. Cecilia hakulipenda tabasamu lile.

"Maana wapo wanaosema hawatozi," mgeni aliendelea, "halafu kazi ikiisha, wanakaa wakimtazama kuku wako."

Jikoni, mfuniko ulianguka sakafuni.

Baba Gift, ambaye alikuwa amekuja mbio aliposikia habari za pikipiki, aliona kwamba wakati wa kumwokoa jirani yake umefika.

"Ndugu yangu, huyu binti ana kichwa kigumu," alisema. "Nilimbembeleza achukue hata kibaba cha korosho. Akanifukuza. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Cecilia ametudharau."

"Alirusha kwa muda gani?"

"Asubuhi nzima. Akapiga picha, akanieleza mti kwa mti. Daktari wa hospitali hanielezi hivyo."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Ekari ngapi?"

"Nne."

Mgeni aliandika nne, akaipigia mstari, akaonekana kufanya hesabu kichwani.

Chakula kililetwa. Mgeni alikula kama mtu aliyetoka mbali. Baba Gift alilitazama paja la kuku wake likipita mbele yake kuelekea upande wa serikali, akajitwalia shingo.

"Kuku wenu mtamu sana," mgeni alisema.

"Wa hapa hapa nyumbani," Mama Cecilia alijibu, akikusanya mifupa haraka kuliko ilivyohitajika.

Mgeni alinawa, akafuta mikono, akavuta karatasi safi. Sauti yake sasa ilikuwa nzito.

"Binti, nataka jambo hili liwe wazi mbele ya mashahidi. Akija mtu yeyote na shamba lake, hutamtoza?"

"Mtu yeyote, baba. Mkubwa kwa mdogo."

"Wala hutapokea zawadi?"

"Wala zawadi."

"Leo na kesho?"

"Leo na kesho."

Akayaandika yote, akamgeuzia karatasi. Cecilia akatia saini. Mama yake akatia saini. Baba Gift akatia yake kama shahidi, kwa madaha makubwa, akachora na mstari chini yake. Mgeni aliikunja karatasi mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nyumba nzima ilipumua.

"Haya, mgeni wetu," Mama Cecilia alisema kwa furaha, "umekula, umenawa. Sasa tuambie jina lako na utokako."

"Naitwa Khalidi, mkulima wa Makote, kule Newala. Masasi nzima kila mwenye droni amenitajia bei yake. Nilipoambiwa Lulindi kuna msichana huenda akakubali bure, sikuamini." Akatoa ramani kubwa kwenye faili, akaitandaza mezani. "Mikorosho yangu ni ekari mia mbili. Tutaanza kesho saa moja asubuhi, mti kwa mti. Na kwa kuwa huwa unatembea, mwanangu, nakushauri uondoke sasa hivi."