Neno Nililolitoa

Siku hizi kila neno fupi ni la lugha moja tu. Wengine wakilitamka, vifaa tunavyovaa masikioni hulizima lisisikike. “Baba” walipewa watu ambao kwao lina maana ya bibi. Sahihi ya kulitoa ni yangu, niliyekuwa mjumbe wa Kiswahili, ingawa nyumbani hawajui. Niliambiwa Waswahili tubakize moja, “baba” au “dada”. Mimi nimelelewa na dada. Huyo mwingine sikuwahi kumwona. Hata sikusita.

Leo asubuhi binti yetu Tunu alipanda kiti kuchukua chupa ya chai, kiti kikayumba. Mume wangu Hemedi alikuwa hatua mbili tu nyuma yake, amempa mgongo, anapiga pasi. Mimi nilikuwa nje naanika nguo. Kupitia dirishani niliuona mdomo wa mtoto ukifunguka mara mbili. Hemedi hakugeuka mpaka chupa ilipopasuka.

“Mbona hukuniita, mwanangu?” alimuuliza, akimpaka dawa mkono ulioungua.

“Nimekuita!”

Hemedi akanitazama. “Hivi huyo aliyelitoa hilo neno, yeye hakuwa na…”

Midomo yake ikamalizia, lakini sauti haikuja.

“Sijui,” nikamjibu, nikainama kuokota vipande vya chupa.