Dirisha la Chumba cha Mzazi

Mwanaisha alikuwa amejifungua, bado yumo ndani ya arobaini yake, na kila asubuhi baada ya kunywa uji kichwa kilimpasuka. Uji aliuleta mama mkwe wake, Bi Mize, pamoja na jiko la mkaa, maana mzazi lazima aote moto. Kisha alifunga mlango na dirisha.

Leo Mwanaisha hakukigusa kikombe.

“Onja wewe kwanza, mama.”

Bi Mize alimtazama, akanywa nusu kikombe, akakaa kitandani kumbembeleza mjukuu. Mkaa uliiva mwekundu, hauna moshi. Hewa yake, isiyo na rangi wala harufu, ilijaa chumbani. Kila walipovuta pumzi ilipenya kutoka mapafuni hadi kwenye damu, ikashika nafasi ya hewa njema.

Hatimaye Bi Mize alijishika paji la uso. “Hata mimi kichwa kinaniuma.”

“Si nilijua,” Mwanaisha alisema.

Akainuka akiyumba, akafungua dirisha, akaumwaga nje uji uliobaki. Akaegemea pale akihema. Upepo ulimwingia kifuani, na taratibu kichwa kikawa chepesi. Sasa alikuwa na hakika kwamba ni ule uji.

“Sijatia kitu, mwanangu,” Bi Mize alisema, machozi yakimlenga. “Kesho mama yako na aje akupikie.”

Akamfunika mtoto asipigwe na baridi. Akalifunga dirisha, kisha akainama kulipepea jiko.