Nungunungu Apata Kazi ya Ufalme

Zamani za Babeli, wanyama tayari walikuwa na mfalme, sheria na wasomi wasio na kazi. Nungunungu alikuwa mmoja wao: digrii ya sheria, njaa ya kudumu.

Mwezi ulipoanza kupatwa, Kunguru mnajimu alimwambia Simba, "Mtukufu, balaa linamjia mfalme. Desturi ni kumkalisha mwingine kitini, anyongwe yeye, wewe upone."

Wakamwita Nungunungu. Hakuna intavyuu, hakuna kujuana na mtu! Akavikwa taji, akanywa supu yake ya kwanza tangu mahafali. Alipofuta mdomo, akamwona Fisi mnyongaji mlangoni na kamba.

"Kaka, nani kakutuma?" aliuliza Nungunungu.

"Mfalme."

"Mfalme ni mimi, na sijakutuma."

Fisi akamgeukia Simba. "Bosi, nimnyonge?"

Simba akafungua kinywa. Nungunungu akamuwahi. "Sema, Mzee, sema! Ukitoa amri, basi mfalme ni wewe, na balaa ni lako. Kunguru, sheria si ndivyo isemavyo?"

Kunguru akakohoa. "Ndivyo. Bahati mbaya huyu kasoma."

Simba akafumba kinywa. Fisi akakunja kamba.

"Basi andikeni," akasema Nungunungu. "Anayekalia kiti hiki kwa muda hanyongwi kamwe."

Ikaandikwa kwenye kibao cha udongo, ikapigwa mhuri. Mwezi ulipong'aa tena, Nungunungu akashuka kitini mwenyewe, akapumua, akaenda zake nyumbani. Kazi hana mpaka leo, lakini shingo anayo.