Hadi Nyasi Ziote

Nyati, mwenyekiti wa baraza la wala nyasi, alijiona mjanja kuliko wote. Ndiye aliyempa Fisi kazi ya kulinda bonde. "Msiwe na wasiwasi," aliwaambia wajumbe. "Huyu yuko mfukoni mwangu."

Ukazuka moto, bonde likateketea. Fisi akaja barazani akitweta. "Adui yumo humu humu. Niacheni nitunge sheria peke yangu, bila baraza. Ni kwa muda tu, hadi nyasi ziote."

"Na zikiota ukakataa?" Swala akauliza.

Fisi wengine waliosimama mlangoni wakamtoa nje, na hakuonekana tena. Waliobaki wakainua mikia, ndiyo desturi yao ya kukubali jambo. Nyati aliuinua wake juu kuliko wote.

Mvua zikanyesha. Nyati akamwendea Fisi kifua mbele. "Nyasi zimeota. Turudishie baraza letu."

"Ziko wapi?"

Nyati akageuka amwonyeshe. Bonde lilikuwa jeupe. Kila jani lililochomoza, wajumbe wenye njaa walilitafuna papo hapo. Hata yeye alikuwa bado anatafuna.

"Meza kwanza," Fisi akamwambia, "kisha uinue mkia."