Chai ya Alhamisi

Eda ilipokwisha, Bi Salha alikwenda kwa Msellem muuza chai, akamwomba ampikie aina zote nne za oolong, ile chai ya Kichina. Kila Alhamisi marehemu mumewe alikuwa akirudi kanzu inanukia chai isiyo ya nyumbani, na sasa alitaka kujua alikuwa akiinywea wapi.

Ya kwanza ilinukia maua. "Siyo."

Ya pili ilikuwa laini kama maziwa. "Wala hii."

Ya tatu, ya kijani, hata hakuionja. Ya nne ilikuwa imekaangwa sana, inanukia moshi na sukari iliyoungua. Akakishika kikombe puani mpaka mvuke ukaisha.

"Nani huinunua hii?"

Msellem akafuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Dada yangu, mambo mengine bora yapite."

"Mji huu unajua mpaka kuku wa nani kalala kwa nani. Sema."

"Yule mshona nguo wa ng'ambo ya daraja. Lakini tangu msiba hajaja."

"Miezi yote hii hana chai?"

"Hana."

"Nipimie robo."

Alipobisha kwa mshonaji, cherehani ikanyamaza. Komeo likaanza kuvutwa taratibu, na hapo ndipo Bi Salha alipogundua kwamba hajafikiria salamu.