Nasikia Gesi

Gari kuukuu la mzee Shomvi, linaloendeshwa kwa gesi badala ya petroli, lilikuwa linamaliza gesi hata likilala uani. Fundi Kibwana alirekebisha mchanganyiko wa hewa mpaka injini ikatulia, kisha akaizima, akafungua buti. Alipoinama juu ya mtungi wa gesi uliofungwa nyuma ya kiti cha nyuma, alirudi nyuma haraka.

"Mzee, husikii?"

Mzee Shomvi akatega sikio. "Sisikii kitu."

"Harufu, mzee. Gesi inanuka."

"Ah. Pua yangu ilikufa zamani, mwanangu."

Fundi akakoroga sabuni kwenye kikopo, akaanza kupaka povu kwenye maungio ya bomba. Mzee alisimama akimwangalia, akakumbuka. Siku ile alipompeleka hospitali mkewe aliyekuwa akiumwa kifua, alimlaza kwenye kiti hicho cha nyuma, akapandisha vioo vyote asipigwe na baridi. Njiani mkewe alisema kwa sauti ndogo, "Baba Siwema, nasikia gesi." Naye akazima redio, akasikiliza vizuri, akamjibu, "Hakuna kitu, mama. Lala." Akalala. Walipofika alikuwa hapumui tena, na watu wote wakasema ni kifua chake kile kile.

Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Hapa," fundi alisema. "Imevuja muda mrefu hii. Huku nyuma huwa anakaa nani?"

Mzee Shomvi aliinama polepole ndani ya buti, akasogeza sikio karibu na povu, na safari hii akaisikia gesi ikitoka.